Wimbi Halina Mlango

Umeme ulikatika Idetelo saa tatu na dakika tano asubuhi, ukarudi baada ya dakika moja. Yusta Kihwele hakujali. Huku milimani mvua ikinyesha umeme hukatika, na fundi wa kiwanda cha chai akishtuka kila taa inapozimika hatafikia uzee. Lakini saa tatu na dakika kumi ukakatika Lwanzali, dakika moja. Saa tatu na robo ukakatika kule misheni, dakika moja tena, si pungufu wala zaidi.

Umeme wa mvua haujui kuhesabu.

Aliweka bisibisi chini taratibu, kana kwamba kuna mtu anamsikiliza. Alikuwa darini, kwenye vitanda vya kunyaushia majani, ambako hewa ya moto hupuliziwa chai mbichi usiku na mchana na harufu yake hukung'ang'ania hadi kwenye nguo za kanisani. Nyuma ya feni ya tatu kulikuwa na sanduku la mbao lililoandikwa VIPURI. Ndani yake mlikuwa na seva, haikuzidi ukubwa wa mkate. Hakuna waya ulioingia wala kutoka katika sanduku hilo. Ilipata umeme kutoka kwa bati moja la sola lililofanana na mabati mengine ya paa. Sauti yake ilitoka kwa antena ndogo kama kisahani cha chai, iliyochungulia kwenye ufa ikielekea ng'ambo ya bonde.

Yusta alifungua kompyuta yake na kutazama orodha ya vituo vilivyopokea sauti hiyo na kuirusha mbele. Mashine ya kusaga Lwanzali: hai, haikuyumba hata sekunde. Nyumba ya Mwalimu Chaula, Idetelo: ilinyamaza saa tatu na dakika tano, ikarudi saa tatu na dakika sita.

Kituo kile kilikuwa na betri. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe ili umeme ukikatika kisitetereke. Sasa kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekuwa akizima kijiji kimoja kimoja, huku ametega sikio kusikia pumzi ipi itakatika. Na alikuwa ameshaisikia.

Akavua aproni, akamwambia msimamizi wa zamu kwamba anakwenda kutafuta mkanda wa feni, akawasha pikipiki mvuani.

*

Watu mia mbili na kumi na wawili waliishi kwa sababu ya sanduku lile. Kila mmoja alikuwa na kidhibiti kifuani, kidude kinachouambia moyo uliochoka lini upige. Waliokitengeneza walikuwa wamekifunga kwa sharti: kila siku kipokee salamu, ujumbe mfupi wenye sahihi, unaokithibitishia kuwa bado kinatambuliwa. Kikikaa saa thelathini na sita bila salamu, hujiona kimeibwa na kujizima. Miaka mitano iliyopita toleo lile lilifutwa. Wenye nguvu walifanyiwa upasuaji wakawekewa jipya. Wazee, wagonjwa wa figo, na wale ambao damu yao haigandi, waliandikiwa barua ya pole.

Wakati huo Yusta alikuwa fundi wa vifaa vya tiba. Alitoka hospitalini na nakala ya ufunguo wa kutilia sahihi, akaja kujificha kwenye chai.

Idara ya Usafi wa Mawimbi iliita kazi yake uchafuzi. Aliyepokea salamu haramu alipelekwa Kituo cha Marekebisho, kidhibiti kikatolewa apende asipende. Mwaka jana walichukuliwa watu kumi na tisa kutoka seva ya Kilombero. Walirudi saba.

Salamu za mwisho zilikwenda saa saba usiku wa kuamkia jana; kisha dhoruba ikaangusha antena ya Lwanzali na za jana hazikwenda. Yusta aliisimamisha tena jioni, akaahirisha kutuma hadi leo, akiwa na uhakika kwamba kesho ipo. Leo, ikifika saa saba mchana bila salamu, vidhibiti vitaanza kujizima.

*

Mwalimu Osmund Chaula alifungua mlango kabla Yusta hajabisha. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sweta lililotoboka viwiko, na alikuwa amemfundisha Yusta fizikia kidato cha tatu na cha nne. Alikuwa pia namba themanini na nane kwenye orodha.

"Kamwene, Mwalimu," Yusta alisalimia. "Betri iko wapi?"

"Kamwene. Betri gani?"

"Ya kituo, Mwalimu. Ile niliyoifunga darini kwako."

Mzee aliangalia upande wa jikoni. Yusta akapita, akasukuma mlango. Ndani ya boksi la katoni, chini ya taa ya manjano, vifaranga arobaini hivi walikuwa wamejikusanya, wakilia kwa sauti nyembamba. Betri ilikuwa pembeni, imefungwa kwa kitambaa isipate vumbi.

"Baridi iliwaua sita wiki iliyopita," Mwalimu alisema. "Nikaona umeme upo siku zote. Nilitaka kuirudisha Jumamosi."

Yusta alitaka kupiga kelele. Badala yake alikaa kwenye kigoda, akamweleza kila kitu. Alipotaja dakika moja moja, Mwalimu akashika kifua, si kwa maumivu, bali kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Nilikwambia," akasema. "Ulipokuja hapa na visahani vyako nilikwambia. Ukasema waya ndio unaosaliti."

"Kilombero walifuata waya, Mwalimu. Waya una mkataba, una nguzo, una jina la mtu."

"Waya unamfikisha mtu mmoja kwenye mlango mmoja. Wimbi halina mlango! Ukilitoa limetoka, linamfikia rafiki, linamfikia na adui, halibagui. Wewe ulidhani kwa kuwa huoni kamba, basi na wao hawataona."

"Nimelibana kwenye mwale mwembamba, linavuka bonde tu."

"Na mvua je?" Akanyoosha kidole dirishani. "Washa tochi kwenye ukungu uone. Aliye pembeni haoni tochi, lakini mwale mzima anauona. Kila tone linakutapanya."

Yusta alifuata kidole chake. Chini bondeni, kwenye barabara ya udongo, gari jeupe lilikuwa limesimama. Juu yake nguzo nne nyembamba zilikuwa zinainuka polepole, kama pembe za konokono.

Wote wawili wakarudi nyuma kutoka dirishani kwa pamoja.

"Zima," Mwalimu alinong'ona. "Zima kila kitu, mwanangu. Wasiposikia kitu wataondoka."

"Nikizima, saa saba inafika."

Hakuhitaji kumfafanulia. Alimwona akihesabu saa zilizobaki.

"Kuna njia nyingine," Yusta akasema, na sauti yake mwenyewe ikamwogopesha. "Vidhibiti vina lugha ya safari ndefu. Iliwekwa kwa ajili ya mabaharia, watu wanaokaa mbali na mtandao. Naweza kuwapa wote salamu ya siku tisini kwa mkupuo. Halafu nachoma seva, orodha inaungua, hakuna wa kumfuata. Siku tisini mtu anaweza kuvuka mpaka, anaweza kupata daktari. Ila inabidi nizungumze na kila kidhibiti peke yake. Dakika kumi na moja hewani."

"Wao wanahitaji ngapi kukupata?"

"Nne."

Vifaranga walilia. Mwalimu alisubiri.

"Kituo chako hiki," Yusta akaendelea, akitazama sakafu, "naweza kukiamuru kipige kelele. Nguvu zote, pande zote. Masikio ya lile gari yatazibwa, hayatasikia kingine. Mimi nitapitishia Lwanzali taratibu. Lakini watakuja hapa."

"Watakuja kwangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Usoni mwa mzee hamkuwa na ushujaa wowote, na Yusta, aliyekuwa ameutarajia bila kujua, aliona aibu.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Mimi nina miaka sabini na minne, unadhani nimechoka kuishi. Sijachoka. Kati ya wale kumi na wawili wa Kilombero wasiorudi, nilimjua mmoja. Walimfunga mikono kitandani, Yusta. Usinifanyie hivyo. Niahidi."

"Nimesikia, Mwalimu," alijibu.

Akapanda pikipiki. Alikuwa amefika kwenye mashamba ya chai alipotambua kwamba hakuahidi.

*

Saa sita na dakika thelathini na nane alikuwa darini tena, mlango wa ngazi ameubana kwa kabari; kuandaa salamu za siku tisini, moja moja kwa watu wote, kulikuwa kumemla saa mbili na zaidi. Kwenye ufa wa ukuta aliliona gari jeupe likipanda. Halikuelekea Idetelo. Lilisimama katikati ya barabara, pale hasa ambapo mwale wake ulipita juu, likageuza pembe zake zikatazama kiwandani.

Mvua ilikuwa imemsaliti.

Alijaribu kufikiri kama fundi. Akizima, watapekua kiwanda hata hivyo. Wataikuta seva, na ndani ya seva majina yote, maana bila majina haiwezi kutia sahihi. Akiichoma sasa hivi, majina yataungua, na saa saba mioyo itaanza kulegea: yule mama wa Makambako mwenye mapacha, yule kondakta mstaafu aliyemtumia salamu za Pasaka, na Mwalimu. Akituma bila kelele ya kumfunika, dakika ya nne watakuwa kwenye ngazi, wengi bado hawajafikiwa na orodha iko mezani.

Ilibaki njia moja, na Mwalimu alikwisha kumkataza.

Alijiambia watu mia mbili na kumi na mmoja ni wengi kuliko mtu mmoja. Hesabu ilikuwa sahihi, na mikono yake haikukubali. Alijiambia Mwalimu alikataa kwa hofu, na mtu mwenye hofu hapaswi kuamulia wenzake. Kisha akajiuliza yeye anaamua kwa nini kama si hofu hiyo hiyo. Alikuwa na hofu kiasi kwamba meno yaligongana. Pembe za gari zilitikisika, zikasogea kidogo kushoto, zikatulia. Zilikuwa zimemwelekea yeye usoni.

Saa sita na dakika arobaini na moja aliandika amri, akaituma Idetelo.

Kwenye kioo, mstari wa Idetelo ulipanda ukagonga juu. Bondeni, pembe nne ziliruka kama zimechomwa, zikayumba, zikageuka kwa pamoja kuelekea nyumba ya Mwalimu. Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo. Likaondoka kwa kasi, matope yakiruka.

Yusta alianza kutuma. Namba moja, imejibu. Namba mbili, imejibu. Aliwaangalia wakipita mmoja mmoja, kila jibu nukta ya kijani, na kila nukta alihisi imenunuliwa kwa kitu ambacho si chake. Dakika ya sita gari lilikuwa limefika kwenye kona ya kisima. Dakika ya nane lilipotea nyuma ya miti ya mikaratusi. Dakika ya kumi na moja, saa sita na dakika hamsini na mbili, kazi ilikwisha, na kioo kikaandika kwa utulivu: wamejibu mia mbili na kumi na moja.

Alisoma mara mbili. Akashuka kwenye orodha, ingawa alikwishajua.

Namba themanini na nane. Hakuna jibu.

Bila shaka. Kelele iliyoziba masikio ya gari iliziba na kidhibiti kilichokuwa mita tano kutoka kwenye antena. Mtoto wa kidato cha tatu angelijua hilo. Na yeye alilijua, mahali fulani nyuma ya kichwa, tangu alipokuwa amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amekataa tu kuligeukia.

Alizima kelele ya Idetelo, akatuma tena kwa namba themanini na nane. Hakuna jibu. Wakati huo askari walikuwa wameshang'oa antena.

Alibaki na dakika saba. Kwenye mkoba wake wa zana, chini ya koleo, kulikuwa na kalamu ya kupimia aliyotoka nayo hospitalini, fimbo fupi inayozungumza na kidhibiti ikiwa imewekwa juu ya ngozi. Akanakili ndani yake salamu moja tu, ile ya Mwalimu ya siku tisini. Kisha akaitoa seva sandukuni, akashuka nayo kwa ngazi ya nyuma hadi kwenye tanuri la kuni linalopasha hewa ya chai, akaitupa motoni. Plastiki ilivimba, ikatoa moshi mweusi. Hakusubiri iishe.

Angeweza kupitia njia ya chini, ya Mafinga. Pikipiki ilikuwa na mafuta. Hofu ilimvuta huko kama mtu anayevutwa nguo. Akageuza usukani kuelekea Idetelo, kwa njia ya mkato katikati ya chai, akilia kwa sauti ndani ya kofia ya pikipiki, maana hakutaka kwenda.

*

Walikuwa wamemkalisha Mwalimu kwenye benchi barazani. Askari wanne walikuwa wakitoa vitu nje. Mwanamke mmoja mwenye koti la mvua la kijivu alisimama ameshika antena iliyong'olewa, akiikagua kama mtu anayechagua samaki. Midomo ya Mwalimu ilikuwa imepoteza rangi.

Yusta aliangusha pikipiki, akainua mikono.

"Mimi ndiye fundi. Seva ilikuwa yangu. Mzee hakujua kelele itapigwa, alinikatalia."

Mwanamke alimtazama, bila haraka. "Mimi Inspekta Nyaulingo. Seva iko wapi?"

"Imeungua."

"Na hicho mkononi?"

"Kalamu ya kupimia. Inspekta, ni saa saba kasoro dakika mbili. Kidhibiti cha huyu mzee kitajizima. Nahitaji sekunde ishirini."

"Ukikiwasha hicho mbele yangu, ni kosa la pili."

"Liandike."

Inspekta aliangalia saa yake, kisha akawaangalia askari, ambao walikuwa wameacha kubeba vitu. Mvua iligonga bati. Mwishowe akatoa daftari mfukoni, akafungua ukurasa, akaanza kutafuta kalamu ya wino katika koti lile, mfuko huu, kisha ule.

Yusta akapiga magoti mbele ya benchi.

Mwalimu alimwangalia kwa macho ambayo Yusta hakupata kuyaona hata alipokuwa mwanafunzi mtoro.

"Nilikukatalia," akasema, pumzi fupi.

"Ulinikatalia, Mwalimu."

"Nilikuomba uniahidi."

"Uliniomba." Kila neno jingine alilolifikiria lilikuwa la kujitetea. Akanyoosha fimbo, ikasimama hewani, mbali na sweta kwa kiganja kimoja. "Sasa hivi nakuomba ruhusa. Ukikataa sitakugusa."

Askari mmoja akakohoa. Yusta alizihesabu sekunde bila kutaka, akafika thelathini, akaona ngozi ya shingo ya Mwalimu ikirukaruka mahali pasipostahili, mara mbili haraka, kisha kimya kirefu mno.

Mwalimu akainua sweta kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akaanza kufungua vifungo vya shati, cha kwanza, cha pili, vidole vikikosea tundu.

Yusta aliiweka fimbo kwenye kovu. Sekunde ishirini zilikuwa ndefu kuliko dakika kumi na moja. Taa ndogo ikawaka kijani, na chini ya kiganja chake Yusta akausikia moyo ukijipanga upya, mpigo mmoja mzito, mwingine, mwingine.

"Nimeipata," alisema Inspekta Nyaulingo, akiinua kalamu ya wino. Akaandika saa, akaandika kosa, akatoa pingu.

Waliwapakia wote wawili nyuma ya gari, wakiwatazamanisha, magoti yakikaribia kugusana. Mwalimu aligeuza uso kwenye kidirisha na hakuugeuza tena safari nzima. Kwenye Kituo cha Marekebisho angekuwa na siku tisini za kubishana nao kabla moyo wake haujahitaji kitu kutoka kwa mtu yeyote. Zaidi ya hapo Yusta hakuwa na cha kumpa.

Mbele, inspekta alikuwa akizungumza na redio. "Seva imeteketea, ndiyo. Orodha hatuna." Akasikiliza kidogo. Kisha akageuka, akamtazama Yusta kupitia wavu, kwa utulivu ule ule aliokuwa nao alipokuwa akikagua antena.

"Miaka mitano ulikuwa unawatumia salamu," akasema. "Kila siku. Bila shaka unawakumbuka."

Yusta aliinamisha kichwa. Aliwakumbuka wote, kwa mpangilio, namba moja hadi mia mbili na kumi na mbili, majina na vijiji, kama wimbo wa darasa la kwanza. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa ya saa mbili. Alifumba macho, akaanza na la kwanza, akajaribu kulisahau.